Katuni za Theluji na Mkwe Nyuma ya Ukuta

Nina CD kumi na tisa za katuni za Krismasi. Ninaziweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, chini ya kitanda, kwa sababu panya wa Tunduma hawana dini. Ni za zamani, zile zilizochorwa kwa mkono, nusu saa kila moja, zenye boksi lake na karatasi yake. Za kompyuta sizitaki. Zile za kuchomwa na vijana wa stendi, sahani moja filamu arobaini, nazo sizitaki. Watu wakisikia mwanamke wa miaka arobaini na mitatu anakusanya katuni, wananitazama kama nimesema nafuga nyoka. Na watazame.

Zilianza kunijia wakati nina meza yangu sokoni, nauza nguo za mitumba za watoto. Mzigo nilikuwa naufuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, wenyewe kule wanaita salaula, kwa mama mmoja Mbemba aliyekuwa ananiita bamayo, yaani mama, na kunipunja huku anacheka. Siku moja nafungua belo, nakuta sweta la mtoto limekunjwa vizuri sana, na ndani ya sweta kuna CD. Juu ya boksi kuna dubu amesimama kwenye theluji ameshika taa. Nikajisemea, haya, hii ni bure, nipeleke nyumbani.

Deki yetu ni ile ya Kichina ya bei ya chini, ambayo haichagui. Baadaye nilikuja kujua kwamba deki za gharama zinakataa CD za Ulaya, zinakuandikia maneno mekundu kwenye kioo kama askari wa mpakani. Yangu ilimeza ile sahani, ikakoroma kidogo, dubu akatokea.

Dubu ameamka katikati ya baridi, wenzake wote wamelala, naye yuko upande usio wake wa mlima. Anataka kurudi pangoni kwao kabla kengele ya Krismasi haijalia. Njia imefungwa na theluji. Anahangaika, anateleza, anapoteza taa, na mwishoni kabisa anafika, mama yake anafumbua jicho moja, anamsogezea nafasi. Basi. Kiingereza chenyewe nilikielewa nusu. Nililia mpaka kitenge kikalowa, na wakati ule sikuwa hata na cha kulilia.

Nikaanza kuzitafuta. Yule mama wa Nakonde akajua, akawa ananiwekea. Nyingine nilizipata kwa fundi redio, nyingine kwa mmishonari aliyekuwa anahama anauza vyombo. Na zote, nakuapia, hadithi ni moja. Bata aliyevunjika bawa, treni iliyokwama na punda ndani, mwanasesere aliyeanguka kwenye gari: kila mmoja yuko mbali na kwao, njia imefungwa, na kabla kengele haijalia anafika. Hakuna hata mmoja anayechelewa. Ndiyo maana nilizipenda, na ndiyo maana siku nyingine nilitamani kuzivunja.

Miaka mitatu iliyopita mama mkwe alifariki, kule milimani Ileje. Baba mkwe akabaki peke yake, na sukari ilikuwa imeshamkata mguu chini ya goti. Mume wangu ni dereva wa malori, anapeleka mizigo Kongo, mwezi mzima yuko njiani na siku nne yuko kitandani. Akaniambia, "Mama, mzee atakaa kwetu miezi miwili tu, tukijipanga." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mguu hana, jembe ningempa vipi? Miezi miwili ikazaa miaka mitatu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wa mbali wanapotea. Kwa kina mume wangu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, hamsemezani, mkikutana njiani wewe mwanamke unapita porini. Wengi siku hizi wameacha, hasa mjini, utawakuta mkwe na mkamwana wamekaa sebuleni wanatazama taarifa ya habari. Mzee wangu hakuacha. Ni mzee wa kanisa, anakula kila kitu, anapanda gari, ana simu, lakini hilo hakuacha. Nami nilipoolewa niliapa kuheshimu, na kwa kule Ileje ilikuwa rahisi, kuna nyumba tatu na uwanja mkubwa. Hapa Tunduma tuna vyumba viwili na sebule.

Basi tukaishi kwa kukohoa. Naweka ugali wa dona na maharage kwenye kigoda mlangoni kwake, nakohoa, naondoka. Mlango unafunguka. Akitaka kwenda uani, anagonga gongo sakafuni mara tatu, mimi naingia chumbani nafunga. Maji ya kuoga, vivyo hivyo. Nguo zake nazifua kwa kuzikuta kwenye beseni. Miaka mitatu nimemlisha mtu ambaye ukiniuliza sura yake nitakuambia namjua kisigino. Kimoja.

Nyumba yenye watoto, mtoto ndiye mjumbe. Anatumwa huku, anatumwa kule. Sisi Mungu hakutupa. Kwa hiyo mjumbe wetu alikuwa mume wangu, popote alipo. Chumvi ikizidi, mzee anapiga simu Kongo, mume wangu anakata, ananipigia mimi: "Baba anasema chumvi imezidi." Mimi namjibu, "Mwambie baba nimesikia." Anakata, anampigia mzee. Nami nasikia simu ya mzee inalia nyuma ya ukuta, namsikia anasema, "Eee, haya, mshukuru." Neno limetoka jikoni kwangu, limekwenda Lubumbashi, limerudi chumba cha pili. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Unacheka. Na mimi mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili meza yangu ya sokoni nikaiachia mtu, maana huwezi kumwacha mzee mwenye mguu mmoja kutwa nzima. Mwaka wa tatu nikawa najua idadi ya misumari kwenye bati la sebule. Naweza kwenda kisimani, dukani, kwa jirani, narudi mbio. Magari yanapita barabara kuu kwenda Zambia, Kongo, Zimbabwe, mji mzima ni watu wa kwenda, mimi niko pale natega sikio kusubiri gongo. Nilimchukia yule mzee. Mungu anisamehe, lakini nilimchukia, na kumchukia mtu usiyeruhusiwa hata kumtazama kwa jicho baya ni kazi ngumu.

Kilichonikaba zaidi ni mama yangu. Kwetu ni Msangano, huko bondeni, na mama yangu alishikwa na presha ya macho. Daktari alishasema kinachopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kutunza kwa dawa. Mwaka juzi mwishoni alinipigia, akaniambia, "Mwanangu, sasa nawaona watu kama wamesimama kwenye moshi. Njoo Krismasi nikuone sura yako kabla moshi haujafunga." Mwaka ule msiba wa mama mkwe ulikuwa bado mbichi, sikuthubutu hata kuomba.

Mwaka jana niliomba. Nilimpigia mume wangu mapema Desemba: "Niombee kwa baba siku tatu tu. Niende Msangano mama anione." Akasema sawa, ngoja nimuulize. Nikakaa sebuleni nimetega sikio kama kawaida. Simu ya mzee ikalia, lakini mvua ya Desemba unaijua, ilikuwa inapiga bati, sikusikia alichojibu. Baada ya muda simu yangu ikalia. "Baba amekataa," akasema mume wangu. "Anasema akibaki peke yake atakula nini." Nikasema, "Haya." Nini tena ningesema? Mkamwana habishani na baba mkwe, tena kupitia Kongo. Nikampigia mama, nikamwambia njia imeharibika kwa mvua. Krismasi ile nilitazama CD zote mfululizo, na kila mnyama aliyefika kwao nilimtukana.

Nilikuwa nazitazama saa tisa alasiri, mzee akiwa amelala na mlango wake umefungwa. Ndiyo saa yangu pekee, hapo sebule ni yangu, najifunika kitenge miguuni, natazama theluji. Basi mwaka huu mwanzoni nikaanza kuona mambo. CD ya bata imo kwenye boksi la punda. Ya punda imegeuzwa. Nikitoka kwenda dukani narudi nakuta deki ina joto. Ebo! Nikagundua: mzee naye anatazama. Akinisikia nimetoka, anachechemea hadi sebuleni, tena anafika hadi chini ya kitanda changu, anafungua ndoo yangu!

Sijawahi kukasirika vile. Nikampigia mume wangu, alikuwa kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. "Mwambie baba yako CD zangu asiziguse. Amechukua nyumba, amechukua soko, hizi aniachie." Akakata. Simu ikalia nyuma ya ukuta. Nikasikia, "Mimi? Sijagusa kitu." Halafu nikasikia, "Lakini mwambie ile ya bata inakwama katikati."

Wiki ile ile nilifungua boksi la bata, nikasikia harufu ya dawa ya meno. Alikuwa ameisugua ile sahani kwa dawa ya meno, akaifuta kwa kitambaa laini, mikwaruzo ikapungua. Nikaiweka. Haikukwama. Sikumshukuru, nilikuwa bado nina hasira. Ila tangu siku hiyo, nikitazama saa tisa, mlango wake ulikuwa unaachwa wazi kidogo, kiasi cha kidole, nami nikawa naongeza sauti.

Sasa Desemba hii. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayekaa na mama kule Msangano. Akanipigia: "Mama anasema mwaka huu uje, hata kwa nusu siku." Nikamuuliza macho yanaendeleaje. Akasema, "Wewe njoo tu." Nikampigia mume wangu. Safari hii sikutaka kuombewa. Nikamwambia, "Rudi wewe ukae na baba yako. Tarehe ishirini na mbili uwe hapa." Akaapa. Alikuwa tayari anarudi, amebeba shaba, yuko njiani.

Nikafunga begi. Nilikaanga karanga, nikanunua kilo mbili za sukari, kitenge cha mama, sabuni. Tarehe ishirini na mbili hakufika. Ishirini na tatu akapiga: yuko Nakonde. Nakonde, jamani! Ni hapo, ukipanda kwenye tuta nyuma ya nyumba yetu unaona malori yao. Foleni haisogei, mtandao wa ushuru umelala, malori yamejipanga hadi yanaishia usikoona. "Liache lori uje kwa miguu," nikamwambia. "Mama, nikiliacha saa moja wananyonya dizeli yote, na mzigo wenyewe si wangu." Na ni kweli. Hilo ndilo lilikuwa linaniua, kwamba ni kweli.

Tarehe ishirini na nne asubuhi mtaa ulikuwa mtupu. Jirani yangu, ambaye angenishikia zamu, alikuwa ameshakwenda kwao Itaka kwenye kahawa zao. Gari la mwisho la Msangano linaondoka saa saba mchana. Saa nne mume wangu akapiga: "Sijasogea hata lori moja. Tutakwenda wote mwaka mpya, nakuahidi." Nikamwambia sawa. Nikaenda chumbani, nikalifungua begi, nikaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Karanga nikazirudisha jikoni.

Halafu nikaweka dubu. Saa nne asubuhi, si saa yangu, sikujali. Akateleza, akapoteza taa, akafika, mama yake akafumbua jicho moja. Nikalia, na sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, kama mtu aliye msibani, nimejifunika kitenge usoni.

Nyuma ya ukuta kikohozi. Nikanyamaza. Halafu nikasikia vidole vinabonyeza simu. Siku hiyo hakukuwa na mvua.

"Wewe," mzee akasema, "mkeo analia. Umemfanya nini?" Kimya. "Kwenda wapi? Kwa mama yake? Sasa si aende?" Akasikiliza. Halafu sauti ikapanda, sijawahi kumsikia hivyo: "Nani amekataa? Mimi? Mimi nimekataa? Si nilikuambia mwaka jana, Krismasi iliyopita, kwamba mwache mwanamke aende akaonwe na mama yake, mimi nitakula viporo? Nilikuambia kwa mdomo wangu! Ulimwambia nini?"

Nilisimama katikati ya sebule. Kwenye kioo dubu alikuwa amerudi mwanzo, anaamka tena.

Simu yangu ikalia. "Baba anasema uende," mume wangu akasema, kwa sauti ndogo.

"Na mwaka jana alisema nini?"

Honi za malori nyuma yake. "Sikiliza, mama. Niliogopa. Mzee peke yake, akianguka bafuni, ukoo mzima ungesema umemtelekeza. Nilifikiri mwaka mmoja si kitu."

"Nilikuambia macho yanafunga."

"Uliniambia," akasema.

Nikakata. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemchukia mtu wa chumba cha pili, kumbe ufunguo wa mlango wangu ulikuwa mfukoni mwa mtu ninayemnyooshea shati. Nilitaka kupiga kitu. Nilitaka kwenda Nakonde kwa miguu nikamtoe kwenye lile lori kwa masikio yake. Lakini ilikuwa saa tano, na gari ni saa saba.

Ndipo mzee akasema kitu. Hakusema nami, alikuwa na heshima zake hata siku ile. Alisema na ukuta. "Wewe ukuta," akasema, polepole, kwa lafudhi yake ya milimani, "mwambie mama gari la Msangano huwa haliwangoji watu. Mwambie pia mimi nilipika jeshini kabla mume wake hajazaliwa."

Nilikohoa. "Ukuta," nikasema, "mwambie baba maharage yako kwenye sufuria kubwa, unga uko kwenye debe la bluu, na ndoo tatu za maji nitaziacha mlangoni. Na sindano yake asisahau."

"Nimesikia," akasema ukuta. Kisha akaongeza: "Na ile ya dubu aichukue. Mimi nimeshaikariri."

Nikajaza ndoo. Nikarudisha karanga kwenye begi. CD ya dubu nikaitia ndani ya mikunjo ya kitenge cha mama, ingawa nilijua Msangano kwa kaka hakuna deki, kuna taa ya sola na redio. Nilipofika mlango wa nje nikageuka. Mlango wake ulikuwa wazi kile kiasi cha kidole. Sikuchungulia.

Njia ilikuwa tope, tulishuka mara mbili kusukuma, na mimi nilisukuma kuliko wanaume. Nilikuwa nahesabu milima. Tulifika jua bado likiwa juu ya miti, kengele ya kanisa haijalia, na ninakiri kwamba moyo wangu uliruka. Nilijiambia, nimewahi. Kama wale wote.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya jiko, mgongo umeegemea ukuta, uso umeelekea barabarani. Nilipanda mwinuko wa nyumbani na begi kichwani, natabasamu kama mjinga. Nikatua begi. Nikasimama mbele yake, hatua mbili tu, kimya, nikimngojea anione.

Akaendelea kutazama barabara.

Wifi alitokea jikoni, akaniona, akaweka mkono mdomoni. Moshi ulikuwa umefunga tangu kiangazi, aliniambia baadaye. Hawakutaka kunitisha nikiwa nimefungwa kule na mkwe.

Nikapiga magoti. "Mama, shikamoo." Akashtuka, akanyoosha mikono, akanishika uso. Alipita na vidole kwenye paji, kwenye nyusi, kwenye mashavu, akarudia, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. "Umekonda," akasema. "Au ndivyo ulivyo siku hizi? Sikumbuki." Nikampa ile CD aishike, sijui kwa nini, nilikuwa sina kingine cha kufanya na mikono yangu. Akaipapasa mduara wake, akatia kidole kwenye tundu.

"Ni ya baridi," akasema. "Ndiyo ile theluji yako?"

"Ndiyo, mama."

Akaiweka mapajani, akaifunika kwa kiganja. "Mwaka jana ulisema njia imeharibika, lakini nilikaa hapa hapa siku tatu," akasema. Hakuwa analaumu, alikuwa anasimulia tu. "Nilikuwa bado naona mpaka kwenye ghala la jirani. Kila mwanamke aliyepanda na begi nilisema ni wewe." Kengele ya kanisa ikaanza kulia huko chini, naye akangoja inyamaze. "Yule baba mkwe wako ni mkali sana, eeh? Alikuzuia?"

Mikono yake ilikuwa imerudi usoni kwangu, na vidole viwili vilikuwa juu ya midomo yangu kabisa, kwa hiyo nililazimika kusema polepole.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Yeye aliniruhusu."